Nani Amekula Bando? Mwongozo wa Upelelezi kwa Mlipaji Aliye Doha

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Doha, iwe Najma, Al Mansoura au kwenye vyumba vya Industrial Area, na kila mwezi unalipia intaneti ya dishi lililofungwa juu ya bati la nyumba ya mama huko Kilifi, Kisii au Kakamega. Umelipia gigabaiti 50 zitoshe mwezi mzima. Tarehe 12 bando limekwisha. Unauliza nani ametumia, na majibu yanakuja kwa zamu. Mama hajatumia. Mdogo wako hajatumia. Mjomba ndiyo kwanza anasikia kwamba nyumba ile ina intaneti. Bando limeliwa, na mlaji hajulikani.

Kabla hujanunua lingine, na hasa kabla hujainua sauti, shika kanuni moja inayobeba mwongozo huu wote: tafuta kifaa kwanza, mtu baadaye. Wengi wa wanaosema "sijatumia" wanasema kweli. Kosa liko kwenye mashine, kwa sababu simu, runinga na kompyuta zimefundishwa jambo moja: data ya laini ya simu ni ya pesa, waifai ni ya bure. Zikiona waifai hujiachia kama watoto waliokuta mwembe umeangusha. Zinapakua masasisho, zinapandisha picha, zinacheza video moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja inayojua kwamba waifai hii inatoka kwenye setilaiti na inapimwa kwa gigabaiti.

Hatua ya 1: Jua thamani ya unachokitafuta

Mpelelezi asiyejua thamani ya mali iliyopotea hukata tamaa mapema. Starlink ilianza kuuza huduma Kenya Julai 2023. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, watu wengi walianza kuliangalia dishi kwa jicho jingine. Mwaka huohuo kikaja kifurushi cha GB 50 kwa Sh 1,300 kwa mwezi, kila GB ya ziada ikiuzwa Sh 20, wakati kifurushi cha kawaida kisicho na kikomo hicho kilikuwa Sh 6,500. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo soma zilizoandikwa kwenye akaunti yako leo.

Sasa zigeuze ziwe riyali. Kwa kiwango cha Sh 35 hivi kwa riyali moja, Sh 1,300 ni kama riyali 37, na Sh 6,500 ni zaidi ya riyali 180. Kima cha chini cha mshahara Qatar, kilichoanza kutumika Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na malazi kwa asiyepewa na mwajiri. Kwa mtu wa mshahara huo, kuhama kutoka kifurushi kidogo kwenda kikubwa ni kukata karibu riyali 149 nyingine kila mwezi. Pesa hiyo ni karo, ni dawa ya presha ya mama, ni mifuko ya saruji. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia "ongeza tu bando." Kwanza tujue linakwenda wapi.

Hatua ya 2: Soma mita, siku kwa siku

Ingia kwenye akaunti ya mtoa huduma, au fungua programu yake ya simu, utafute grafu ya matumizi ya kila siku. Jumla ya mwezi itakwambia tu kwamba umepoteza. Grafu ya siku inakwambia umepoteza lini, na hapo ndipo upelelezi unapoanzia.

Hapa mtu wa Doha ana bahati ambayo ndugu yake aliye London au Minneapolis hana. Doha na Nairobi ziko kwenye saa ileile mwaka mzima. Saa nane usiku kwako ni saa nane usiku kwao. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Ukiona matumizi yamepanda usiku wa manane, yamepanda wakati mama amelala.

Lakini kalenda hazilingani. Wewe pumziko lako ni Ijumaa. Watoto wa nyumbani Ijumaa wako darasani, na siku zao za kukaa nyumbani ni Jumamosi na Jumapili, wakati wengi wenu mmesharudi kazini. Andika siku hizo kando ya grafu. Weka pia alama kwenye likizo za shule, Aprili, Agosti, na Novemba hadi mwisho wa mwaka, maana wa bweni akirudi nyumbani anaishika tena simu yake.

Ukishaweka alama hizo, soma umbo la grafu.

Kilima kimoja kirefu, siku moja tu, kisha kimya: hapo kuna mchezo wa video uliopakuliwa, kompyuta iliyojisasisha, au simu mpya iliyohamisha picha zake zote.

Vilima vya Jumamosi na Jumapili: hao ni watu, na wanaangalia video.

Tambarare iliyoinuka, kila siku kiasi kilekile, mchana na usiku: huyo si mtu. Binadamu hulala, huenda shambani, huenda sokoni. Kitu kinachokula kiasi kilekile siku zote saba ni mashine iliyoachwa wazi.

Hatua ya 3: Hakikisha kuna kilichopotea

Wakati mwingine mali haikuibwa, imehesabiwa vibaya. Mambo matatu huwachanganya watu.

La kwanza ni tarehe. Simu ya mdogo wako huenda inahesabu kuanzia tarehe 1 ya mwezi, na kifurushi chako kinaanza siku ulipolipia, tuseme tarehe 17. Ukilinganisha hesabu hizo mbili utaona wizi mahali usipokuwapo.

La pili ni mwelekeo. Mita ya mtoa huduma kwa kawaida huhesabu kinachoingia na kinachotoka. Watu hukumbuka walichopakua na kusahau walichopandisha: picha zilizohifadhiwa mtandaoni, video zilizotumwa kwenye kundi la familia, na uso wa mama uliokuwa ukisafiri hadi Doha mlipokuwa mnaongea.

La tatu ni kipimo chenyewe. Mtoa huduma akihesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, na kompyuta ya Windows ikahesabu kwa mafungu ya 1,024, basi GB 50 za kwenye bili zitasomeka kama 46.6 kwenye kompyuta. Tofauti ya asilimia saba hivi ni ya hesabu. Usimwite mtu kikaoni kwa ajili yake.

Ukishayaondoa hayo matatu na bado GB 30 hazina maelezo, endelea.

Hatua ya 4: Fanya jaribio la kimya

Hili ndilo jaribio lenye nguvu kuliko yote, na halihitaji fundi. Chagua saa chache ambazo nyumba haina mtumiaji. Soma mita kabla, soma mita baada. Kilichoongezeka katikati ni chakula cha mashine peke yake.

Wakati mzuri ni usiku, kati ya saa sita na saa kumi na moja alfajiri. Wakati mwingine mzuri ni mchana wa siku ya shule. Kama unafanya kazi za nje, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria ya Qatar inasimamisha kazi juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Juni na Julai, watoto wa nyumbani wako madarasani katika saa hizohizo. Ukiwa umekaa kwenye kivuli unaweza kupiga simu, ukaomba waliopo wasiguse kitu, ukaisoma mita mara mbili.

Kama mita yako huonyesha jumla ya siku tu, tumia njia ya pili: zima dishi usiku. Programu ya Starlink ina ratiba ya kulilaza dishi kwa saa unazotaka. Kwa mtoa huduma mwingine, mwombe aliye nyumbani achomoe ruta akienda kulala. Fanya hivyo usiku kadhaa mfululizo, kisha linganisha na siku zilizotangulia. Matumizi yakishuka ghafla wakati hakuna aliyelalamika kukosa intaneti, umepata ushahidi: kuna kitu kilikuwa kinakula usiku, na hakuna binadamu aliyekihitaji.

Hatua ya 5: Wahoji washukiwa watano

Sasa wapange vifaa kwenye mstari. Wahoji kwa mpangilio huu, kuanzia anayekula kwa wingi wa wazi hadi anayekula kimyakimya.

Mshukiwa wa kwanza ni runinga. Netflix yenyewe inaeleza kwamba video ya ubora wa juu wa kawaida hutumia hadi GB 3 kwa saa, ya 4K hadi GB 7, na ya ubora wa kati kama GB 0.7. Piga hesabu. GB 50 kwa ubora wa juu ni chini ya saa 17. Kwa 4K ni saa saba na kitu, yaani tamthilia ya jioni mbili. Kwa ubora wa kati ni saa 71. Filamu ni ileile, waigizaji walewale, na kwenye runinga ya inchi 32 wengi hawataona tofauti ya kuwasikitisha.

Mchunguze na rafiki yake, kile kisanduku kidogo kilichochomekwa nyuma ya runinga. Mtoto akizima runinga kwa rimoti, kioo kinakuwa cheusi, lakini kisanduku chenye umeme wake kinaweza kuendelea kucheza video kwa kiza, moja baada ya nyingine, mpaka programu ijisimamishe. Uliza swali hili: runinga ikizimwa, ile taa ndogo ya nyuma inabaki inawaka?

Mshukiwa wa pili ni simu mpya. Ulimtumia dada yako simu kupitia mwenzako aliyekuwa anarudi likizo. Siku ya kwanza simu ile iliingia kwenye waifai, ikasasisha mfumo wake, ikapakua programu zote, kisha ikaanza kupandisha picha za miaka yote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simu yenye picha na video za GB 20 itapandisha GB 20, na hiyo ni karibu nusu ya mwezi wenu. Kwenye Android, WhatsApp nayo inaweza kuhifadhi nakala ya mazungumzo kila siku, pamoja na video kama imeruhusiwa, na kupakua kila picha na video inayotumwa kwenye makundi. Nyumba yenye mtu aliye kwenye kundi la harusi, la kanisa, la chama na la waliosoma darasa moja, inapakua maisha ya watu mia mbili.

Mshukiwa wa tatu ni kompyuta. Kompyuta ya Windows iliyokaa miezi bila mtandao ikikutana na waifai ya kasi hulipa deni lote la masasisho kwa siku moja. Tena Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta yako kugawa vipande vya masasisho kwa kompyuta nyingine, hata za watu usiowajua huko mtandaoni. Ukiwa umewashwa hivyo, unasaidia ulimwengu kwa riyali zako. Uzime.

Mshukiwa wa nne ni PS. Kama binamu ana mashine ya michezo sebuleni, au ameifungulia kibanda cha vijana kando ya duka, jua kwamba mchezo mmoja mkubwa unaweza kuwa makumi ya gigabaiti, na mingine imepita GB 100. Huhitaji kumuuliza amecheza saa ngapi. Kucheza kwenyewe hakuli sana. Muulize ni mchezo gani mpya ameuweka, na kama mashine inajisasisha ikiwa imelala.

Mshukiwa wa tano ndiye mgumu kushukiwa, kwa sababu ni wewe uliyemnunua: kamera ya ulinzi. Uliifunga ili uone nyumba inavyojengwa, uone saruji haitoki usiku, uone mama ameamka salama. Haba na haba hujaza kibaba, na kamera ni bingwa wa haba na haba. Kamera inayotuma video mfululizo kwa megabiti 1 tu kwa sekunde hupandisha megabaiti 450 kwa saa. Kwa siku ni GB 10.8. Kwa chini ya siku tano imemaliza GB 50, na muda wote huo mtandao unaonekana mzuri kwa kila mtu. Hata kamera inayorekodi pale tu kitu kinapopita inaweza kushinda kazini kutwa nzima ikiwa inatazama uwanja: kuku anapita, inatuma, mbuzi anapita, inatuma, kuti la mnazi linapepea, inatuma.

Ukiona ile tambarare iliyoinuka ya Hatua ya 2, anza na huyu wa tano.

Hatua ya 6: Hesabu vichwa

Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ruta. Utaona majina mengine ya wazi na mengine ya namba na herufi tupu. Kaa kwenye simu na mtu wa nyumbani, mpitie kimoja kimoja: zima waifai kwenye simu hii, tuone ni jina lipi limetoweka. Likitoweka, lipe jina la binadamu: Simu ya Mama, Runinga ya Sebuleni, Kamera ya Geti.

Tahadhari moja muhimu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujificha kwa anwani ya kubuni kwenye kila mtandao zinaojiunga nao, ili zisifuatiliwe. Ni ulinzi mzuri, lakini unaweza kuifanya simu moja ionekane kuwa mbili baada ya kusahau mtandao na kuunganishwa upya. Kwa hiyo ukikuta kifaa usichokijua, usianze na jirani. Anza na simu za humo ndani.

Kisha mfikirie jirani kwa haki. Nyumba za kwetu hazina mazoea ya kumnyima mtu maji wala moto, na mama akiombwa paswadi na mtoto wa jirani mwenye kazi ya shule, atampa. Mtoto huyo akimwonyesha mwenzake alama ya mraba kwenye kioo cha simu, mwenzake naye ameingia bila kuandika herufi hata moja. Hakuna aliyeiba hapo. Mlango uliachwa wazi kwa wema, na wema huo tutautengea nafasi yake mbele.

Hatua ya 7: Badilisha nenosiri, uwaingize mmoja mmoja

Kama orodha haieleweki, anza upya. Badilisha nenosiri la waifai. Kila kifaa kitaanguka nje. Kisha kiingize kimoja, ukipe siku nzima, usome mita. Kesho ingiza cha pili. Anza na simu ya mama, kwa sababu ya heshima na kwa sababu ndiyo unayoihitaji kumpata. Kamera na kisanduku cha runinga viwe vya mwisho. Siku mita itakaporuka, hutahitaji kuuliza. Kilichoingia jana ndicho kinachokula.

Kwenye simu za Android unaweza pia kusoma matumizi ya waifai ya kila programu ndani ya mipangilio. Windows nayo huonyesha programu zilivyotumia data kwa siku 30 zilizopita. iPhone huonyesha hesabu hiyo kwa data ya laini tu, haionyeshi ya waifai, kwa hiyo mwenye iPhone asionekane mkaidi akisema haoni kitu. Kweli haoni.

Hatua ya 8: Piga simu kwa adabu

Hii ndiyo hatua inayoharibu au kujenga, na watu wengi huiweka ya kwanza. Simu ya kosa huwa hivi:

"Mama, nani anakula data yangu huko? Mimi huku naungua jua, nyinyi mnaangalia sinema!"

Mama hatabishana nawe. Atasema, "Basi mwanangu, tutaizima." Na kweli ataizima. Bili itaendelea kuja, mtoto wa sekondari atakosa masomo yake ya video, na wewe utakosa kumwona mama mwezi mzima. Hakuna gigabaiti yenye thamani hiyo.

Simu iliyo sawa ni hii:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko kwema?"

"Kwema mama. Nina kazi naomba mnisaidie. Kuna mashine hapo nyumbani inakula bando usiku mkiwa mmelala. Nataka tuikamate pamoja."

"Mashine? Ipi hiyo?"

"Ndiyo tuitafute. Mpe simu mdogo wangu, aende nyuma ya runinga aniambie taa zipi zinawaka."

Angalia kilichotokea. Mama hajashtakiwa, amealikwa. Mdogo wako, ambaye angejificha, sasa ni mpelelezi mwenzako aliye kwenye eneo la tukio, na kwa vifaa hivi huenda anajua kuliko wewe. Ukweli mwingi ambao hautoki kwa kufokewa hutoka mtu akipewa kazi. Usiweke programu ya kumchungulia mtu kwenye simu yake. Mita inakwambia yote unayohitaji kujua kuhusu pesa. Yaliyobaki ni maisha ya watu.

Hatua ya 9: Ziba mianya

Ukimjua mlaji, mfunge kwa mipangilio. Lawama haizuii upakuaji.

Kwenye Android, fungua mtandao huo wa waifai na uuweke kuwa mtandao unaopimwa. Simu itaacha kuuona kama wa bure, na itaahirisha mengi ya usuli. Washa pia Kiokoa Data. Kwenye iPhone, gusa jina la waifai hiyo na uwashe hali ya data kidogo. Kwenye Windows, itangaze waifai hiyo kuwa muunganisho unaopimwa. Fanya hivi kwenye kila kifaa. Ndiyo dawa ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa inakiambia kifaa ukweli ambao kilikuwa hakiujui.

Runinga: weka ubora wa kati kwenye akaunti ya filamu, zima uchezaji wa kujiendesha, na kisanduku kichomekwe kwenye swichi inayozimwa pamoja na runinga.

WhatsApp: zima upakuaji wa kujiendesha wa video, na hifadhi ya nakala iwe ya mara moja kwa mwezi bila video.

Kamera: weka kadi ya kumbukumbu ndani yake irekodi hapohapo, itume tu unapofungua kutazama au mtu anapopita. Chora eneo la geti peke yake, uwanja wa kuku ubaki nje. Punguza ubora, sura ya mtu inaonekana bila video kubwa.

Wageni na jirani: kama ruta inaruhusu, fungua waifai ya pili ya wageni yenye nenosiri lake. Mtoto wa jirani anaendelea kusoma, mama anaendelea kuwa mama, na wewe unaweza kubadilisha nenosiri hilo kila mwezi bila kuwagusa wa ndani.

Hatua ya 10: Gawa bando kabla halijaliwa

Nyumba nyingi hupanga unga na mafuta ya taa, lakini intaneti huachwa ijigawe yenyewe. Kaa na wa nyumbani mwanzoni mwa mwezi, mkubaliane. Huu ni mfano wa GB 50 kwa nyumba ya watu watano au sita:

Simu za video na aliye Doha: GB 7
Masomo ya watoto: GB 10
WhatsApp, habari na mambo ya kila siku: GB 10
Runinga kwa ubora wa kati, saa 20: GB 14
Masasisho ya simu na kompyuta: GB 5
Akiba ya mwisho wa mwezi: GB 4

Fungu la kwanza lina hesabu yake. Simu ya video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde kwenda na 1 kurudi hula kama GB 0.9 kwa saa. Saa mbili kila Ijumaa, kwa Ijumaa nne, ni GB 7 na kidogo. Nimeliweka juu ya orodha kwa makusudi, na naomba lisipunguzwe kwa ajili ya kitu chochote. Mtu anayekaa miaka miwili bila kurudi likizo analipia dishi lile kwanza ili amwone mama yake, amwone mtoto aliyemwacha anatambaa akianza kukimbia. Runinga ikipitiliza, ikatwe runinga.

Kisha weka siku ya kukagua. Kila Ijumaa, kabla ya kupiga simu ya nyumbani, fungua grafu kwa dakika mbili. Matumizi yakiwa yamezidi GB 12 na nusu kwa wiki, sema mapema, na useme kwa namba: "Tumebakiwa na 20, tuna siku 15." Namba haimtukani mtu, na kila aliye nyumbani anaweza kuigawanya.

Mkishafanya haya miezi miwili au mitatu, na bado GB 50 hazitoshi kwa matumizi yanayojulikana, ya masomo, ya kazi na ya kuonana, basi hapo nunua bando kubwa zaidi. Mtakuwa mmeamua pamoja na kila mtu anajua linakwenda wapi, na mdogo wako ameshajua kuisoma mita bila wewe kumpigia.